Kisogo cha Watu wa Kinuni

Mtu akikaa kwenye kiti cha Hariri na kufumba macho, wembe hakuusikia. Alisikia sabuni ya vuguvugu kidevuni, akasikia maneno, maana kinyozi yule alikuwa msemaji hodari, kisha spiriti ikamchoma shingoni, na hapo ndipo alipojua kazi imekwisha. Wateja wakamwita Hariri, na jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye kitambulisho tu. Duka lake lilikuwa chumba kimoja, kati ya duka la vioo na ngazi za kupandia ghorofani. Lilikuwa na viti viwili vya kuzunguka, kimoja kibovu, kioo kirefu chenye ufa, na benchi la wanaosubiri. Nusu ya waliokaa benchi hawakuja kunyolewa. Walikuja kupiga soga.

Alikuwa amevuka arobaini na tano. Mkewe alishona sare za shule nyumbani, na binti yao wa pekee, aliyeolewa karibuni, alikuwa mjamzito. Maisha yake hayakuwa na makuu. Hofu kubwa aliyowahi kuijua ni ya umeme kukatika mteja akiwa amenyolewa nusu kichwa.

Asubuhi moja mwanamke wa makamo alisimama mlangoni kama mtu anayeogopa kuchafua sakafu. Alisema ana kaka yake mgonjwa, hawezi kutoka nyumbani, na vinyozi wengine wamekwisha kuja wakakimbia.

"Ni maradhi ya kuambukiza, dada?"

"Hapana, kaka yangu. Hatulii tu."

Hariri alifungasha vitu vyake akamfuata. Wakafika kwenye nyumba kubwa nyuma ya kinu cha zamani cha kusaga unga. Kinu chenyewe kilikufa miaka mingi iliyopita, magurudumu yameota kutu, lakini waliokaa pale bado waliitwa watu wa kinuni. Mgonjwa alilazwa kwenye godoro lililotandikwa chini, kwa sababu kitandani angejirusha. Mikono yake ilikwenda huku na huku bila kupumzika, kana kwamba inafukuza nzi asiyeonekana. Miguu ilitambaa. Uso ulijikunja, ukajikunjua, ukajikunja tena. Macho tu ndiyo yaliyotulia, na macho hayo yalikuwa yakimfuata kinyozi kila alikogeukia.

Wembe aliuacha kwenye mkoba. Alitumia mashine, huku yule dada akimshika kaka yake kichwa mapajani. Walikwenda hivyo, kidogo kidogo, mpaka akafika kisogoni. Hapo mkono wake ukasimama.

Chini kabisa ya kisogo, juu kidogo ya kishimo cha shingo, palikuwa na vizingo viwili vya nywele vilivyotazamana, kimoja kikizungukia kulia na kingine kushoto. Vizingo viwili utosini alikuwa ameviona kwa watu wengi. Pale chini, vimekaa vile, alikuwa ameviona kwa watu watatu tu: baba yake, mdogo wake, na yeye mwenyewe, siku mkewe alipomshikia kioo kidogo nyuma ya kichwa wakacheka.

"Dada, huyu alianza kuugua lini?"

"Alipofika umri kama wako hivi. Ulianza na vidole. Alikuwa fundi wa redio, akawa anaangusha skrubu. Tukadhani ni uchovu." Alimfuta kaka yake mate kwa ncha ya kitambaa. "Baba yetu naye alikufa hivihivi. Na babu, mwenye kinu, vilevile. Usiogope, haumpati mtu wa nje. Ni wa damu."

Hariri akajitahidi kuendelea na kazi. Yule dada akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Na wewe, kaka, ni wa nani?"

Akamtajia marehemu baba yake. Alipoona jina halimwambii kitu, akamtajia babu yake, yule aliyeanguka kutoka kwenye paa la ghala akiwa bado kijana, aliyelelewa na mwoka mikate.

Mkono wenye kitambaa ukatulia. "Babu yako alizaliwa humu," akasema. "Chumba kile cha uani. Mama yake alikuwa akiwafulia wazee wetu." Kisha, kama mtu aliyekanyaga pasipokanyagika, akaongeza haraka, "Ndivyo wanavyosema. Mimi sikuwepo."

Njiani kurudi, Hariri aliona kidole chake kidogo kinachezacheza kwenye mpini wa mkoba. Au aliona kwamba amekiona. Alisimama katikati ya njia akakikodolea macho, watu wakimpita na kumgonga mabega.

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Akinywa chai, macho yalikuwa kwenye kikombe, kama kitamwagika. Akifunga vifungo vya shati, alijisikiliza vidole. Kitana kikianguka, moyo ulimlipuka: je, mwaka jana vilikuwa vikianguka hivi? Alijaribu kukumbuka akashindwa, na kule kushindwa kukumbuka nako kukamtia hofu nyingine. Dukani akapunguza maneno. "Hariri, nani kakufunga mdomo?" wakamtania wa kwenye benchi. Akacheka kwa meno tu.

Hakumwambia mkewe kitu. Alikwenda peke yake kwenye hospitali kubwa, akampata daktari kijana, mwanamke aliyevaa miwani juu ya paji la uso na kuisahau huko. Daktari akamgusisha pua kwa kidole, akamtembeza kwenye mstari wa vigae, akampima nguvu za mikono.

"Kwa sasa sioni kitu cha uhakika," akasema. "Kipimo cha damu kipo, ila kinapelekwa mbali, na hatukifanyi kwa sababu ya nywele za kisogoni, mzee wangu. Tunawapima wa ukoo wenye ugonjwa. Nihakikishie kwamba wewe ni wa ukoo ule. Baba yako hakuonyesha dalili?"

"Alikufa kwa ajali ya lori, akiwa kijana."

"Na babu?"

"Alianguka paani. Naye kijana."

"Basi hakuna hata mmoja aliyefika umri wa kuonyesha. Ugonjwa huu kwa kila mtoto wa mgonjwa ni kama kurusha sarafu hewani. Ama umeupata, ama umeepuka. Ukiwa umeepuka, wanao nao wameepuka. Na kama umeupata, wao nao wanarushiwa." Hariri akamfikiria binti yake na tumbo lake. "Siku ya kuja kupima, njoo na mtu wa nyumbani. Jibu hili mtu halibebi peke yake."

Kwa hiyo ilimbidi amtafute baba wa babu yake, jambo ambalo hata ndotoni hakuwahi kulifikiria. Alianza kwa mdogo wake, fundi wa mabomba, ambaye mtaa mzima ulimwita Bomba. Alimkuta chini ya sinki la watu, miguu tu ndiyo iko nje.

"Yaani kaka," miguu ikasema baada ya kumsikiliza, "umeona mgonjwa wa watu, ukaona na undugu?"

"Nimeona kisogo."

"Kisogo! Mimi babu yangu ni wa mwoka mikate, ndiyo maana mkate siuachi. Usinitafutie mzee mwingine, huyu mmoja ananitosha. Nipe spana hiyo."

Hariri akampa spana. Aliutazama mkono uliotoka kuipokea. Ulikuwa imara. Akajichukia kwa kuutazama.

Akaenda kwenye ofisi ya vizazi na vifo. Karani alipotea nyuma ya makabati, akarudi na vumbi begani na nakala ya kuzaliwa kwa babu. Baba: mwoka mikate. Hariri alishusha pumzi iliyokuwa imemkwama kifuani kwa siku nyingi. Hapo angeondoka, lakini karani alikuwa mtu wa kusoma hadi chini.

"Hii iliandikishwa kwa kuchelewa," akasema. "Mtoto alikuwa amekwisha kutembea. Na ni kwa maneno ya baba peke yake, hakuna mkunga wala shahidi. Zamani mtu alikuwa akija tu anasema huyu ni wangu, anaandikiwa."

Pumzi ikarudi ilikotoka.

Mtu mwingine akamkumbusha kwamba kinu kilikuwa na shule yake, na kwamba vitabu vya mahudhurio bado vimo kwenye stoo ya shule iliyoirithi. Mwalimu mkuu akamfungulia. Walipekua pamoja, mwalimu akipiga chafya, mpaka wakamfikia babu: mtoto wa darasa la kwanza, na kwenye nafasi ya mzazi limeandikwa, kwa wino wa buluu uliofifia, jina la mwenye kinu.

"Wakati mwingine tajiri alikuwa akiandikwa kama mdhamini," mwalimu akasema, maana aliona kijasho chembamba kimemtoka mgeni wake. "Au walimkosea. Makarani wa zamani nao walikuwa watu."

Hariri akaling'ang'ania neno hilo kama mtu anayezama. Wamemkosea. Mdhamini. Akatafuta karatasi nyingine ya kumsaidia, akaipata ofisi ileile ya kwanza: hati ya ndoa ya mwoka mikate na mama yake babu. Walioana babu akiwa tayari amezaliwa. Na bibi arusi ameandikwa hivi: mjane, mtoto mmoja. Na jina la marehemu mume likafuata, jina ambalo hakuna mtu wa ukoo wao aliyewahi kulitamka.

Karatasi tatu, baba watatu. Mtu mwingine angechanganyikiwa, lakini Hariri alitoka pale akiwa na furaha ya ajabu. Alimpenda yule marehemu papo hapo. Alimpa kimo kirefu, sauti nzito, mikono ya kutia uzi kwenye sindano gizani. Alimpa ugonjwa wa kawaida wa kufia, homa ya siku chache, safi, isiyorithiwa. Kwa wiki nzima alikuwa akitembea na marehemu huyo moyoni kama mtu aliyepata rafiki, na maneno yakamrudia dukani, na benchi likajaa.

Hofu haikumwachia muda mrefu. Mchana mmoja alikuwa akimnyoa ndevu mwalimu mstaafu, mteja wake wa miaka na miaka. Wembe ulikuwa chini ya sikio. Hakuna kilichomshtua, hakuna aliyemgusa. Mkono uliruka tu.

Damu ikateremka kwenye povu jeupe. Mwalimu akafumbua macho, na kwenye kioo macho yao yakakutana.

"Si kitu," mwalimu akasema, ingawa sauti yake haikusema hivyo. "Mchubuko tu. Endelea, Hariri."

Hariri hakuendelea. Aliuweka wembe mezani polepole, akaufunika kwa taulo asiuone. Akamfunga mwalimu kidonda, akaomba radhi kwa sauti isiyosikika, akawaambia wa kwenye benchi waende. Alishusha mlango wa chuma, akakaa kwenye kile kiti kibovu, mikono ameikalia.

Mkewe alikuja kumtafuta baada ya kusikia habari mtaani. Aligonga mlango wa chuma mpaka akafunguliwa. Akavuta kiti cha pili, wakakaa wakitazamana kwenye kioo chenye ufa, na Hariri akamweleza yote, kutoka kisogo cha mgonjwa hadi marehemu asiyejulikana.

"Nilijua kuna jambo," mkewe akasema. "Siku hizi ukila unaitazama mikono yako kama si yako. Nilidhani umepata mwanamke, unajitazama kama umezeeka."

"Bora ingekuwa hivyo."

"Thubutu!" Akamchapa kidogo begani, kisha akauchukua mkono wake akaubana kati ya viganja vyake, na Hariri akasikia kwamba viganja vile navyo vinatetemeka. "Baba watoto, mbona unazunguka maofisini? Shangazi yako yu hai. Alilelewa na bibi huyohuyo unayemtafutia mume."

"Nimeogopa kumuuliza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu atakuwa anajua."

Wakaenda pamoja. Shangazi, dada wa marehemu baba yake, aliishi kwenye chumba kilichojaa masanduku, na waliingia akiwa anachana nywele zake nyeupe. Kwa mazoea Hariri alimpokea kitana, akasimama nyuma yake akaanza kumchana. Hakuthubutu kutazama kisogo. Akamuuliza habari za yule marehemu, mume wa kwanza wa bibi.

Shangazi akaangua kicheko. "Mume gani? Marehemu yule walimtunga!"

"Walimtunga?"

"Kwa ajili ya mama mkwe. Mama yake mwoka mikate aliapa mwanawe haoi mwanamke mwenye mtoto asiye na baba. Basi wakampa mtoto baba, wakamuua papo hapo, wakamzika kwa maneno. Hata jina walilitoa kwenye gunia la unga! Bibi akinisimulia alicheka mpaka machozi."

Mkewe Hariri alitaka kucheka, akamtazama mumewe, akajizuia. Rafiki yake wa wiki nzima alikuwa jina la kwenye gunia.

"Na baba wa kweli, shangazi?"

Nje kulikuwa na mtu anapiga msumari ukutani. Waliusikia mpaka ukaingia wote.

"Mwenye kinu," shangazi akasema. "Bibi alikuwa akifua pale. Msichana. Yule bwana alikuwa mtu mzima, ana mke, ana watoto. Bibi hakupenda, wala hakuulizwa kama anapenda. Hilo hakunisimulia kwa kicheko. Mwoka mikate alikuwa akipeleka mikate pale asubuhi, akamwona anafua huku analia, mtoto mgongoni. Siku moja akamwambia, ukichoka, kwetu kuna nafasi. Akaenda. Yule bwana alimwandikisha mtoto shule. Hakutoa kingine."

"Mbona hamkutuambia?"

"Ili iweje, mwanangu? Baba yako alimpenda babu yake wa mikate. Na bibi, mwenye kinu alipoanza kutikisika, alisema sasa Mungu amemlipa. Alifurahi. Sisi hatukujua kama ni kitu cha kufuatana na damu." Akageuka amtazame. "Kwani ni cha kufuatana na damu?"

Hariri akasema hapana, shangazi, na akaendelea kumchana.

Daktari aliyakubali maneno ya shangazi na nakala ya shule. Damu ikatolewa, ikapelekwa huko mbali ilikopelekwa, na wakaambiwa wasubiri. Kusubiri kule Hariri hakupenda kukuzungumza hata baadaye. Hakunyoa kwa wembe, alitumia mashine tu. Binti yake alijifungua salama mtoto wa kike. Wakampakata wote, naye akasema ana mafua, akakaa mbali. Mkewe alimwona akiwa dirishani, akimtazama mjukuu kama mtu anayemwomba radhi.

Siku ya jibu walikaa wote wawili mbele ya daktari, ambaye safari hii miwani ilikuwa machoni.

"Hunao," akasema.

Hariri akamwomba arudie. Akarudia. Akamwomba aangalie jina kama ni lake. Akaangalia. Mkewe alijifunika uso akalia kwa sauti hata muuguzi akachungulia mlangoni.

"Na mkono wangu, daktari? Nilimkata mtu."

"Nani asingemkata mtu kwa hofu ile? Rudi kazini. Mkono utazoea."

Hariri alisimama, akakaa tena. "Basi na mdogo wangu salama?"

"Jibu lako ni lako," daktari akasema kwa upole. "Halimwambii yeye lolote. Ya kwake sarafu ilirushwa peke yake."

Hapo ndipo alipoelewa kwamba hofu haijaondoka, imebadilisha kiti tu. Alimbeba mjukuu wake jioni ile, akamnusa utosi, akacheka, lakini katikati ya kicheko alimwona Bomba ameketi upande wa pili wa chumba, ana wanawe watatu wamemrukia, anawafungulia pipi. Pipi moja ikaanguka. Watoto waliiokota wakigombana. Bomba hata hakuiona, na hapakuwa na ajabu yoyote, maana ni nani asiyeangusha pipi?

Wiki ile Bomba alikuja dukani kunyolewa, akakaa, akafunikwa shuka shingoni. Benchi lilikuwa tupu. Hariri akamweleza yote, ya shangazi na ya daktari. Alimweleza akiwa nyuma yake, vizingo viwili viko mbele ya macho yake.

Alisubiri mzaha. Haukuja.

"Kwa hiyo wewe umepona," Bomba akasema.

"Sikuwa nao."

"Basi ni mimi."

"Si hivyo, mdogo wangu. Si mgawo, eti mmoja akikosa mwingine apate. Unaweza usiwe nao kabisa. Twende, nitakaa na wewe kama shemeji yako alivyokaa na mimi."

Mikono ya Bomba ilikuwa chini ya shuka, haionekani. "Wanangu bado wadogo," akasema hatimaye. "Leo nikiambiwa ndiyo, nitawarudia na uso gani? Kila nikimbeba mmoja nitakuwa nahesabu. Hapana, kaka. Mimi nitabaki na mwoka mikate wangu."

"Na ukianza..."

"Wewe si unanitazama? Nimekuona. Tangu siku ile ya sinki unanitazama mikono." Macho yao yakakutana kiooni. Bomba ndiye aliyeyaondoa yake kwanza. "Basi tazama. Lakini siku ukiona kitu, usiniambie mimi. Mwambie mke wangu, ajiandae. Mimi niache niwe wa mwisho kujua. Niapie."

Hariri hakutaka kuapa. Aliipaka brashi sabuni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, povu likafurika bakulini. Mwisho akaapa.

Kisha akauchukua wembe, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mwalimu, akainamia shingo ya mdogo wake. Mkono ulitulia. Bomba alifumba macho, na chini ya shuka, mahali ambapo vidole vyake vilikuwa, kitambaa kilicheza kidogo. Huenda alikuwa akijikuna. Hariri alisubiri kitambaa kitulie ndipo aanze.